Sumu isiyoonekana katika maji ya Mombasa na jinsi inavyosakwa

WAKAZI wa Mji wa Kale, Mombasa, wana mazoea ya tangu jadi ya kuyapima maji kwa macho, pua na ulimi. Maji ya kisima yakiwa maangavu, hayanuki wala hayana chumvi nyingi, huhesabiwa kuwa mema. Maji ya bahari yakiwa safi hata mawe ya chini yakaonekana, watoto huachwa wapige mbizi.

Vipimo hivyo vina maana yake. Lakini kuna aina ya uchafu ambayo macho, pua na ulimi haviwezi kuifichua, nao ni uchafu wa kemikali zenye asili ya kaboni: masalio ya mafuta ya petroli, dawa za kuua wadudu, mafuta ya transfoma za umeme, rangi za meli, viyeyushi vya viwandani na hata mabaki ya dawa za hospitali.

Kemikali hizo zinaweza kudhuru zikiwa kidogo mno, na baadhi yake hudumu miaka mingi. Ili kuzijua hapana budi kuzipima, na kuzipima ni kazi ya subira yenye kanuni zake. Kwa mji uliozungukwa na maji pande zote, inafaa kila mkazi aelewe kazi hiyo hufanywaje, na matokeo yake yasomwe vipi.

Kisiwa kati ya hori

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Upande wa mashariki na kaskazini kuna Hori ya Tudor, inayopita mbele ya Mji wa Kale na kuingia bara kwa takriban kilomita 10 kuelekea kaskazini magharibi. Upande wa magharibi na kusini kuna Kilindini, penye bandari kuu, pamoja na Port Reitz. Kati ya pande hizo mbili, nyuma ya kisiwa, kuna Hori ya Makupa iliyo nyembamba.

Bahari hapa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kina hupita mita 3. Mtu angedhani kwamba maji mengi kiasi hicho huosha kila kitu. Mdomoni mwa hori, karibu na Fort Jesus, ndivyo ilivyo kwa kiasi kikubwa. Lakini ndani kabisa, penye mikoko, maji yale yale huenda na kurudi siku baada ya siku, hasa wakati wa kiangazi ambapo mito ya msimu kama Kombeni na Tsalu imekauka. Huko ndani, hori hufanana na ziwa la mjini kuliko bahari wazi.

Makupa ilikuwa na shida zaidi. Kwa miongo mingi tuta la barabara na reli liliyatenganisha maji ya Tudor na yale ya Kilindini. Daraja jipya la Makupa, lililozinduliwa Agosti 2022, lilijengwa ili tuta hilo liondolewe na mkondo urejee. Kando ya hori hiyo hiyo lilikuwa jaa la Kibarani, lililopokea taka za mji kwa miaka mingi hadi lilipofungwa mwaka wa 2018.

Ni kemikali gani zinazosakwa?

Kundi la kwanza ni hidrokaboni za mafuta. Kituo cha mafuta cha Shimanzi kimo kisiwani. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilifanya kazi kuanzia mwaka wa 1963 hadi 2013. Meli za mafuta hutia nanga hapa kila mara, na gereji za mitaani humwaga oili chafu ardhini. Miongoni mwa hidrokaboni hizo, zinazoogopwa zaidi ni zile ambazo chembe zake zimeungana kama pete kadhaa. Mojawapo, benzopirini, husababisha saratani.

Kundi la pili ni dawa za wadudu za enzi ya zamani: DDT, dieldrini, lindani na jamaa zake. DDT ilitambuliwa kuwa kiua-wadudu mwaka wa 1939, ikasifiwa kote duniani, kisha madhara yake yakadhihirika. Kenya ilipiga marufuku matumizi yake katika kilimo mwaka wa 1986. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2004, ulianza kwa kuziwekea vikwazo kemikali 12 za namna hii, nyingi kati ya hizo zikiwa dawa za wadudu. Orodha yake imezidi kurefuka tangu hapo.

Kundi la tatu ni PCB, mafuta yaliyotumiwa ndani ya transfoma na mitambo ya umeme kwa kuwa hayashiki moto kwa urahisi. Sifa hiyo ya kutoharibika ndiyo iliyoyafanya kuwa balaa: yakimwagika, hubaki.

Kundi la nne ni rangi za kuzuia viumbe kushika kwenye chombo. Mabaharia wa Pwani walikuwa wakipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, chini ya jahazi. Meli za kisasa zilitumia rangi yenye tributilitini, kiwanja cha bati na kaboni, ambacho kiligunduliwa kuwafanya konokono majike wa baharini kuota viungo vya dume. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kufanya kazi Septemba 2008, lakini matope ya bandari huihifadhi kwa muda mrefu.

Kundi la tano ni geni katika mjadala: mabaki ya dawa za binadamu yanayopita chooni. Uchunguzi wa mto wa Nairobi uliochapishwa mwaka wa 2012 ulikuta humo viuavijasumu, dawa za maumivu na hata dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Mombasa nayo ina hospitali, na sehemu kubwa ya majitaka ya kisiwa huingia ardhini au baharini bila kusafishwa.

Maji husema uongo, matope husema kweli

Aghalabu mtu akisikia kuwa maji yanapimwa, huwaza chupa iliyotumbukizwa baharini. Kwa kemikali za kaboni, chupa ya maji ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote.

Sababu ni kwamba nyingi ya kemikali hizi hazipatani na maji. Kama vile mafuta ya kupikia yanavyojitenga na mchuzi, nazo hukimbia maji na kushika chochote chenye asili ya mafuta au uozo wa mimea. Hushika vumbi laini, huzama nalo, na kulala katika mashapo, yaani matope ya chini. Hivyo maji yaliyochotwa asubuhi wakati bahari imejaa yanaweza kuonekana safi, na yaliyochotwa mahali hapo hapo jioni wakati yamekupwa yakawa machafu. Anayetaka kudanganya huhitaji tu kuchagua saa.

Kwa ajili hiyo watafiti huchukua mashahidi watatu. Wa kwanza ni maji, yaliyochotwa kwa saa iliyoandikwa pamoja na hali ya bahari: bamvua au maji mafu, kujaa au kupwa, kusi au kaskazi. Wa pili ni mashapo. Wa tatu ni kiumbe asiyehama.

Shahidi huyo wa tatu ni chaza, anayeshika kwenye miamba na mizizi ya mikoko ya Tudor. Chaza huchuja maji mchana na usiku ili kupata chakula, na kemikali zinazopenda mafuta hukusanyika katika nyama yake. Mwaka wa 1975 mwanasayansi wa Marekani, Edward Goldberg, alipendekeza kome na chaza watumiwe kama walinzi wa fuo za dunia nzima, na njia hiyo ingali inatumika. Samaki naye hupimwa, lakini ushahidi wake ni wa mlaji zaidi kuliko wa mahali, kwani huenda aliyenaswa Tudor leo alikuwa kwingine jana.

Mashapo yana fadhila moja zaidi. Kwa kuwa hutua tabaka juu ya tabaka, mrija ukishindiliwa chini na kutolewa ukiwa umejaa, huleta juu daftari la miaka mingi. Umri wa kila tabaka hukadiriwa kwa risasi-210, chembe ya asili yenye mnururisho ambayo nusu yake huyeyuka kila baada ya miaka 22 hivi. Mtafiti huweza kusema tabaka hili ni la miaka ya themanini, na lile ni la baada ya 2000.

Na Mombasa ina mengi ya kusomwa humo. Mwaka wa 1988 takriban tani 5,000 za mafuta zilimwagika Makupa na kuangamiza mikoko. Aprili 2005 meli ya mafuta ilivuja na kumwaga zaidi ya tani 200 katika Port Reitz. Mafuta yaliyoelea yaliondoka na mawimbi, lakini yaliyozama katika matope laini ya mikoko, mahali pasipo na hewa, huoza polepole mno.

Safari ya sampuli

Kazi huanza na usafi wa kupindukia. Chupa ni za kioo cha rangi ya kahawia, zimeoshwa kwa kiyeyushi na kukaushwa kwa joto kali. Plastiki hairuhusiwi, kwani yenyewe hutoa kemikali zake. Injini ya mashua huzimwa, au sampuli huchotwa mbele ya chombo, kusudi moshi na oili yake visiingie. Anayevuta sigara hukaa mbali.

Chupa hutiwa ndani ya barafu, mbali na jua, na maji yanapaswa kushughulikiwa ndani ya siku chache. Pamoja nazo husafiri chupa moja ya maji safi yaliyoletwa kutoka maabara, ambayo hufunguliwa na kufungwa pale pale baharini. Chupa hiyo ikija kuonekana na mafuta, basi uchafu umetoka kwa wapimaji wenyewe, na matokeo yote hutiliwa shaka.

Maabarani, lita moja ya maji hutikiswa pamoja na kiyeyushi kama heksani. Kemikali zinazochukia maji huhamia katika kiyeyushi. Kisha kiyeyushi hukaushwa taratibu hadi kisalie mililita 1. Kwa njia hiyo kilichokuwa katika lita nzima kimekusanywa katika kiasi kidogo mara 1,000. Matope hukaushwa, husagwa na kuloweshwa kwa kiyeyushi saa nyingi, kisha husafishwa ili kuondoa salfa na uozo wa mimea.

Tone dogo la mililita hiyo hudungwa katika mashine ya kromatografia ya gesi. Ndani yake mna mrija wenye urefu wa mita 30 hivi na tundu la robo ya milimita, uliozungushwa kama kamba ya nanga. Gesi huzisukuma kemikali mle ndani huku joto likipanda. Nyepesi hutoka mapema, nzito huchelewa, kila moja kwa dakika yake.

Mwishoni husubiri kitambuzi. Kwa dawa za wadudu na PCB, kitambuzi mashuhuri ni kile alichobuni Mwingereza James Lovelock mwaka wa 1957, chenye wepesi wa ajabu wa kuhisi klorini. Ni chombo hicho kilichoifanya dunia ifahamu kwamba DDT ilikuwa imeenea kila pembe. Kitambuzi kingine huvunja kila kemikali vipande na kuvipima uzito. Mpangilio wa vipande hivyo ni kama alama za vidole.

Kwa maabara isiyo na mitambo ghali, kuna njia nafuu ya kuanzia. Hidrokaboni za petroli hung'aa zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Njia hiyo haitaji kila kemikali kwa jina, ila huonyesha ni wapi panahitaji uchunguzi wa kina.

Kuzisoma tarakimu

Vipimo hutolewa kwa mikrogramu katika lita moja. Mikrogramu 1 ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mfano: chukua malori 250 ya maji, kila moja likiwa na lita 10,000, kisha utie humo nusu kijiko cha chai cha kemikali na kuchanganya vizuri. Kila lita sasa ina takriban mikrogramu 1.

Kiasi hicho si cha kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha DDT katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 1 kwa lita. Cha benzini ni mikrogramu 10, na cha benzopirini ni mikrogramu 0.7 tu.

Msomaji wa ripoti anafaa kujihadhari na maneno "haikuonekana". Hayamaanishi kuwa kemikali haimo. Yamaanisha kuwa, ikiwa imo, iko chini ya kiwango ambacho mashine hiyo inaweza kuhisi. Ripoti isiyotaja kiwango hicho ni kama mizani isiyo na alama.

Jambo jingine ni kulinganisha vinavyolingana. Matope laini hushika kemikali nyingi kuliko mchanga. Anayechukua mchanga wa Nyali na kuulinganisha na tope la Makupa atatangaza tofauti kubwa ambayo kwa sehemu ni ya udongo wenyewe.

Tarakimu zikipatikana sawasawa, hutaja hata chanzo. DDT ikikaa katika mazingira hugeuka polepole kuwa DDE. Matope yenye DDE nyingi na DDT kidogo husimulia uchafuzi wa zamani. DDT ikizidi, kuna anayeitumia hivi karibuni. Vivyo hivyo, hidrokaboni zilizotokana na moto wa taka au makaa hutofautiana kwa uwiano wake na zile za mafuta yaliyomwagika. Na mafuta ghafi ya kila kisima duniani yana chembe zake za pekee zisizooza upesi, hivi kwamba mafuta yaliyokutwa ufuoni yanaweza kulinganishwa na yale yaliyo ndani ya tangi la meli inayoshukiwa.

Mombasa ina mahali pa kuanzia. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliyoanzishwa mwaka wa 1979, ina makao yake Mkomani, ng'ambo ya maji kutoka Mji wa Kale. Mwaka wa 2007 watafiti wa Kenya walichapisha uchunguzi wa mabaki ya dawa za wadudu katika mashapo ya Sabaki, Kilifi, Mombasa na Ramisi, wakionyesha jinsi kiasi kinavyobadilika kwa misimu. Funzo lake ni wazi: kipimo cha siku moja hakitoshi.

Visima vya Mji wa Kale

Hatari iliyo karibu zaidi na nyumba haiko baharini. Mji wa Kale umesimama juu ya mwamba wa matumbawe, jiwe lenye matundu kama sifongo. Mvua hupenya upesi na kufanya tabaka jembamba la maji baridi yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Tabaka hilo ndilo lililouwezesha mji kuishi kwa karne nyingi, na ndiyo maana misikiti ya kale kama Mandhry, unaoaminika kuwa wa mwaka wa 1570, ina kisima karibu.

Maji ya bomba huja kutoka mbali: Mzima, Marere na Baricho. Yanapokatika, familia hurudia visima. Lakini mwamba ule ule unaopitisha mvua hupitisha pia majitaka ya mashimo ya vyoo, oili ya gereji na petroli ya tangi lililotoboka. Wengi hujua hatari ya kipindupindu, nao huchemsha maji au hutia klorini.

Hapa pana jambo linalopaswa kusemwa bila kuficha. Kuchemsha huua viini vya maradhi, lakini hakuondoi dawa za wadudu wala mafuta mazito. Klorini pia haiyaondoi. Mkaa maalumu wa kuchujia hunasa sehemu kubwa ya kemikali za kaboni, mradi ubadilishwe kwa wakati. Kisima kinachonuka petroli hakifai kunywewa hata maji yake yakichemshwa, na harufu hiyo yapasa kuripotiwa.

Sheria na haki ya kujua

Kenya haina upungufu wa sheria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 iliunda mamlaka ya NEMA, na Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka viwango vya maji yanayomwagwa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika.

Lakini haki hutembea kwa ushahidi. Kesi ya Owino Uhuru, mtaa ulio bara ya Mombasa, ilihusu madini ya risasi wala si kemikali za kaboni, lakini inafundisha. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi huo Desemba 2024. Vipimo vya damu na udongo vilikuwa sehemu ya ushahidi katika safari hiyo ndefu.

Kwa hivyo mwananchi akionyeshwa ripoti ya maji ya Mombasa, na aulize maswali haya. Sampuli zilichukuliwa lini, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa? Je, matope na chaza vilipimwa, au maji tu? Kiwango cha chini cha mashine kilikuwa kipi? Ilikuwapo chupa ya kujikagua? Vipimo vimerudiwa mara ngapi, na vya awali viko wapi? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa njia ya kudai majibu hayo kutoka kwa taasisi za umma.

Maswali hayo yana uzito wa pekee kila bandari inapopanuliwa na vilindi vinapochimbwa. Kurejesha mkondo ni jambo jema kwa samaki na mikoko. Hata hivyo, matope yaliyolala kwa miongo mingi yakichimbuliwa, yaliyozikwa humo huweza kurudi majini na kuingia katika chaza, kamba na samaki wanaouzwa sokoni. Kuyapima matope kabla ya kuyachimba, wakati wa kuyachimba na baada yake ni gharama. Lakini bila kipimo cha kabla, hakuna atakayeweza kuthibitisha madhara ya baadaye, na mvuvi wa Tudor atabaki na shaka yake peke yake.